Gazeti la Mtu Mmoja Ukutani Segese

Najua hamjanisalimia, lakini marahaba. Nyinyi vijana mnaoandika peke yenu kwenye simu, kila mmoja na blogu yake, kila mmoja mwandishi, mhariri na mkurugenzi wa nafsi yake, huwa hamna nafasi ya shikamoo. Siwalaumu. Mimi nami niliwahi kuwa mkurugenzi wa namna hiyo, kabla umeme haujafika Segese, na kwa miezi kadhaa nilijiona mtu mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Baadaye nilifanya kazi ya habari mpaka nikastaafu, Shinyanga mjini kwanza, kisha Mwanza. Huko nilikuta vijana wakimlalamikia mhariri kutwa nzima: amenikatia aya, ameniharibia kichwa cha habari, hanielewi. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimeshaonja maisha bila mhariri, na shamba lililolipia uhuru wangu nilikuwa bado naliota.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha pamba, napima pamba msimu wa mavuno na kusinzia miezi mingine. Chama kilipodhoofika, nikarudishwa nyumbani na bunda la karatasi za manila ambazo hakuna aliyezitaka. Mtu mwenye mwandiko mzuri, karatasi nyingi na muda mwingi ni mtu wa hatari. Nikaanzisha gazeti. Nikaliita *Nimeona*.

Ukuta nilipewa na Bwana Lalji, mwenye duka la pale njia panda. Babu yake ndiye aliyefungua duka la familia kule Tinde, na yeye mwenyewe alizungumza Kisukuma cha ndani kuliko mimi. Aliniruhusu kupigilia ubao wa plaiwudi kando ya mlango wake kwa masharti mawili. "Usiandike juu ya Mungu wa mtu yeyote," alisema, "na usiandike juu ya mizani yangu." Hiyo ndiyo ilikuwa sera ya uhariri, na hakuna nyingine iliyowahi kuongezwa.

Toleo la kwanza liliisha saa nne asubuhi. Sina maana kwamba lilisomwa likaisha. Liliisha kwa sababu gundi yangu ilikuwa uji wa muhogo, na mbuzi wa Segese walikuwa wasomaji wenye njaa. Wiki iliyofuata nikachanganya uji na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, na mbuzi wakaacha kunifuatilia. Nawapa ujuzi huo bure. Mwingine ni huu: habari kubwa iandikwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama ameshika baiskeli, kwa maana huyo hatainama hata ukimwandikia kwamba nyumba yake inaungua. Habari ndogo iwekwe chini, kwa watu waliochuchumaa wakisubiri duka lifunguliwe. Wale huisoma neno kwa neno, na wana muda wa kuifikiria. Hilo la pili nililijua nikiwa nimechelewa.

Mnajivunia sehemu ya maoni chini ya makala zenu. Sisi tulikuwa nayo. Bwana Lalji aliuza mkaa, na magunia yalikaa chini ya ubao wangu. Msomaji alichomoa kipande na kuandika pembeni: "Uongo, mimi nilikuwepo." Mwingine chini yake: "Ulikuwepo umelewa." Mwingine hakujali habari kabisa, akaandika kwamba amepoteza ndama mwekundu mwenye doa. Mtu mmoja, mpaka leo simjui, kila wiki aliandika maneno matatu tu: "Mwandishi hana kazi." Nilimchukia mtu yule, hasa kwa kuwa taarifa yake ilikuwa sahihi.

Hasara ya kwanza ya kuwa na gazeti lako mwenyewe haikunipata mimi, ilimpata mke wangu. Mama Shija alikuwa mtu wa kupendwa. Kabla ya *Nimeona* alirudi kisimani na habari za Segese nzima, nani kaposwa, nani karudishwa kwao. Miezi miwili baada ya kuanza gazeti, alirudi na maji tu. Wanawake walipomwona anakuja, walihamia kwenye mazungumzo ya mvua. Hata wifi zake walimweleza mambo ya hali ya hewa. Mimi nilidhani nimepata mke na chanzo cha habari katika nyumba moja, kumbe nilikuwa nimekausha vyote viwili.

Watu nao walibadilika mbele yangu. Nikipita, mtu aliyekuwa anamtukana jirani yake aliinama ghafla kumsaidia kuokota kuni. Nilizunguka kijiji cha watakatifu. Jumamosi ilikuwa siku ya gulio, na kila Jumamosi asubuhi ubao ulitaka karatasi mpya. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna ambaye angekufa ningeruka wiki moja. Lakini mtu mwenye gazeti lake huamini kwamba umma unamsubiri, na umma kweli hupita kuangalia, hasa ukiwa unakwenda kununua chumvi.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Ijumaa moja, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza, nilikuwa dukani nimekwama. Karatasi ilikuwa imejaa isipokuwa pembe ya chini kulia, nafasi ya kiganja kimoja. Akaingia Mama Nkwimba, mjane wa umri wa mama yangu, mwenye majaruba matatu ya mpunga kule mbugani. Tulisalimiana vizuri, kisha akamwomba Bwana Lalji jembe jipya. La zamani, alisema, limevunjika alipokuwa anachimbua mfereji wa kuingiza maji. Limegonga jiwe jeupe likakatika kama biskuti. Akalalamika kwamba majembe ya siku hizi ni ya kuchorea, akanunua, akaondoka.

Nikapata mistari yangu sita. Niliandika habari ya kuchekesha juu ya ubovu wa majembe. Kichwa kilisema: JEMBE LA MAMA NKWIMBA LAVUNJIKIA KWENYE JIWE JEUPE. Chini nikasema jiwe lile lilikuwa ndani ya mfereji wa majaruba yake, nikauliza viwandani wanatengeneza majembe au vijiko. Nikacheka mwenyewe. Hiyo ni dalili nyingine mbaya, mkijikuta mnacheka peke yenu.

Nilikuwa karani wa pamba. Nilisoma sentensi ile nikaona jembe. Wanaume waliochuchumaa chini ya ubao Jumamosi ile walikuwa wachimbaji wa dhahabu, na walipoisoma hawakuliona jembe hata kidogo. Kwa mchimbaji, jiwe jeupe chini ya udongo ni mlango. Nusu ya maduara, yale mashimo ya dhahabu ya kanda ile, yalianza na mtu kuona jiwe jeupe mahali ambapo hakulitafuta. Na mimi nilikuwa nimewapa jina la mwenye shamba na mahali lilipo jiwe. Bila kujua, nilikuwa nimeandika habari kamili kuliko zote za maisha yangu.

Jumatatu asubuhi Mama Nkwimba alikuja nyumbani. Alikataa kigoda.

"Mwandishi," alisema baada ya salamu, "wageni uliowaalika wamefika. Sikuwa nimepika."

Niliongozana naye mpaka mbugani. Walikuwa kama watu thelathini, na sululu, na makarai, na kibanda cha chai kilikuwa kimeshasimama. Walianzia kwenye mfereji, wakaona maji yanawasumbua, wakakata matuta, kuanzia jaruba la juu, ili maji yatoke. Maji yote ya mvua za mwanzo yalikuwa yamemwagikia mbugani. Jaruba bila matuta ni uwanja wa tope tu. Pembeni, kwenye kitalu, miche ya mpunga ilikuwa imesimama kijani, haijui lolote.

"Miche hii inatimiza siku zake wiki ijayo," Mama Nkwimba alisema. "Nitaipandikiza wapi, kwenye karatasi yako?"

Nyumba yake ilikuwa na watu saba, na wote walikula kutoka kwenye majaruba yale matatu. Matuta yakijengwa upya kabla ya mvua kubwa inayofuata, angevuna. Yasipojengwa, hakuna mpunga mwaka ule. Hilo lilikuwa wazi hata kwa karani wa pamba.

Nikamtafuta kiongozi wao. Aliitwa Masalu, mtu mpole wa sauti ya chini, aliyechimba maduara upande wa Bulyanhulu kwa miaka. Alinipokea kwa heshima kubwa. Mfukoni alikuwa na kona ya gazeti langu, ameichana vizuri na kuikunja mara nne.

Nilimweleza kwamba habari ile ilikuwa ya majembe.

"Nimeisoma," Masalu alisema. "Umeficha vizuri."

Nikarudi mbio na kutoa toleo maalumu, la kwanza katika historia ya gazeti. Karatasi nzima, herufi za urefu wa kidole: HAKUNA DHAHABU KWENYE MAJARUBA YA MAMA NKWIMBA. Nililibandika mchana. Kufikia jioni wachimbaji walikuwa wameongezeka mara mbili, na wengine walikuja na wake zao. Kesho yake nilikuta mkaa umefanya kazi pembeni. "Amelipwa," aliandika mmoja. "Kwa nini anakana?" aliuliza mwingine. Na yule wa siku zote, safari hii kwa herufi kubwa: "Mwandishi amepata kazi."

Nilimfuata tena Masalu, akanielimisha kama mtu anavyomwelimisha mgeni wa mjini. Aliniuliza kama nimewahi kuandika kwamba hakuna dhahabu msikitini. Nikasema hapana. Kanisani? Hapana. Chini ya zahanati?

"Unaona," alisema. "Mahali ambapo hakuna, hakuna anayesumbuka kuandika kwamba hakuna."

Nikamuuliza kama wameshatwanga jiwe lile na kuliosha kwenye karai. Alisema wametwanga siku ya kwanza, hawakuona hata vumbi. Basi kwa nini hawaondoki? Hapo akanitazama kwa huruma. Akaeleza kwamba kila kundi linajua halijapata kitu, lakini halijui kundi la jirani limepata nini, na anayeondoka kwanza ndiye atakayesimuliwa maisha yake yote. Halafu kuna jambo jingine.

"Wewe unakuja hapa kila siku na daftari," alisema. "Unafuata nini kama hakuna kitu?"

Ndugu zangu, jambo hilo hamtafundishwa kwenye semina. Habari ukishaitoa haikutambui tena. Ukiikana, unaithibitisha. Ukiifuatilia, unaikuza. Na hakuna bosi wa kumsingizia.

Aliyefurahi ni Bwana Lalji. Sululu zilimwishia, makarai yakamwishia, akaagiza mengine. Aliniita ndani akanimiminia chai ya tangawizi. "Toleo la wiki hii ni zuri sana, Bwana Mwandishi," alisema. "Wiki ijayo kana tena." Lakini aliponiona sicheki, akaacha utani. Mama Nkwimba alikuwa mteja wa baba yake. Akainama juu ya kaunta akanishauri kitu chepesi kabisa: niandike kwamba jiwe jeupe limeonekana Tinde. Kesho asubuhi mbugani hapatakuwa na mtu.

Nawaambia ukweli kwa sababu nimestaafu. Niliandika. Nilikwenda nyumbani nikachora herufi nzuri kuliko nilizowahi kuchora, kisha kabla ya kubandika nikaipeleka karatasi kwa Mama Nkwimba, nipate shukrani mapema. Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo shamba la Tinde ni la nani?" aliuliza.

Nikamwambia si la mtu, ni la kubuni tu.

"Wakifika watalipata la mtu," alisema, akaendelea kung'olea magugu kitalu chake.

Nikaikunja karatasi. Mistari sita niliiandika bila kumsomea mtu yeyote, ikavunja matuta ya mjane. Habari ya pili niliisomea mtu mmoja tu, naye ameiua kwa swali moja. Ningeweza kuliona fundisho hilo palepale, lakini nilikuwa mkurugenzi.

Basi nikafikiria namna yangu. Nyuma ya nyumba tulikuwa na shamba la mihogo, na kwa mwaka mzima Mama Shija alikuwa ananikumbusha kwamba choo chetu kimejaa. Wakati ule yeye alikuwa Tinde, kwa dada yake aliyejifungua. Jumamosi ilipofika sikubandika chochote. Kwa mara ya kwanza ubao wa *Nimeona* ulikaa mtupu siku ya gulio. Nikachukua sululu, nikaingia kwenye mihogo saa tano mchana, wakati watu wote wanapita kwenda gulioni, nikaanza kuchimba choo.

Sikumwambia mtu. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Nilikuwa nimefika kiunoni Masalu alipotokea. Alisimama ukingoni muda mrefu, anatazama udongo niliotoa.

"Mwandishi, unachimba nini?"

"Choo."

"Mchana huu? Siku ya gazeti?"

"Choo kimejaa, Masalu. Na hapa hakuna dhahabu."

Akatabasamu taratibu, kama mtu aliyelipwa fadhila. "Choo," alisema. "Sawa, Mwandishi. Choo." Akaondoka bila kukimbia, lakini hatua zake zilikuwa ndefu.

Kabla jua halijazama walikuwa wamehama wote, na kibanda cha chai. Majaruba ya Mama Nkwimba yalibaki na kunguru. Jumapili nilimkuta na jirani zake wawili wameshaanza kurudisha matuta, nikavua viatu nikaingia kwenye tope. Tulifanya kazi siku nne. Mkono uliozoea kalamu ulichubuka wote, na Mama Nkwimba hakunionea huruma hata kidogo. Kila nilipojenga tuta jembamba alilipiga teke nikalijenga tena. Siku ya tano mvua ikanyesha, matuta yakashika. Jaruba la juu lilikuwa limeharibika sana, halikupandwa. Mawili yalipokea miche yote.

Nilirudi nyumbani nikijisikia shujaa. Nikamkuta Mama Shija amerejea. Alikuwa amesimama na mzigo bado kichwani, anatazama shamba la mihogo. Yalikuwa mashimo saba, na wachimbaji wamekaa kwenye vifusi wanatafuna mihogo mibichi, maana kwangu angalau walipata kitu.

Nilimweleza yote, tangu jembe mpaka choo. Nilieleza vizuri, na nilipofika kwenye ujanja wangu niliongeza sauti kidogo.

"Baba Shija," alisema, "mihogo hii alipanda nani?"

"Wewe."

"Ulimuuliza Mama Nkwimba kabla hujaandika habari ya jembe lake?"

"Hapana."

"Na mimi ulinitumia mtu Tinde kuniuliza?"

Masalu, aliyekuwa ndani ya shimo la tatu, aliacha kugonga. Hata yeye aliona kwamba swali hilo halina pa kufichwa.

Wachimbaji walikaa wiki mbili. Kisha ikasikika rashi ya kweli, mbio za dhahabu mpya, upande wa Geita, wakaondoka asubuhi moja. Masalu alikuja kuaga peke yake, akamwambia mke wangu pole kwa mihogo, akaniambia mimi hongera kwa choo. Kati ya mashimo saba nilichagua moja, nikajenga. Mengine nilifukia mwenyewe, kwa amri.

Mpunga ulipovunwa, Mama Nkwimba alileta debe moja. Nilisimama mlangoni kulipokea. Akanipita, akalitua mbele ya mke wangu, akamshukuru kwa Kisukuma, wabheja sana, kwa kuwa shamba lake ndilo lililobeba balaa. Walikaa wakizungumza mpaka alasiri. Mimi niliagizwa maji ya kunywa.

Wiki ile niliamua kufungua tena gazeti. Nilikuwa na habari ambayo hakuna mwandishi mwingine alikuwa nayo. Nikaandika karatasi nzima bila kupumzika, na kichwa chake kilikuwa: MWANDISHI AOKOA MAJARUBA YA MJANE. Nilipomaliza, mkono ulishika chombo cha gundi, ukasita. Nikaenda jikoni nikamwomba Mama Shija anisikilize. Alikuwa anapepeta mpunga wa Mama Nkwimba. Nilimsomea aya zote, naye ungo haukusimama.

Mwisho akauliza, "Na mihogo?"

"Mihogo gani?"

Hapo ungo ukasimama. Alinitazama. Nimefanya kazi baadaye chini ya wahariri wakali, wenye kalamu nyekundu na sauti za kupasua vioo, na hakuna aliyewahi kunikata aya nyingi namna ile kwa mara moja.

Nikarudi mezani na karatasi mpya. Toleo lile lilichelewa siku mbili, na watu walilalamika kwa mkaa kwenye ubao mtupu. Niliandika upya, nikaanza na mihogo.